Njeo katika Majibu ya Amri: Uhakiki wa Zana za Kusanidi Programu Dhibiti ya Seva

Anayeiagiza seva iwake kupitia mtandao kwa kutumia ipmitool hupewa jibu fupi: "Set Boot Device to pxe". Kitenzi "set" cha Kiingereza hakibadiliki umbo. Chaweza kuwa amri, chaweza pia kuwa tendo lililokwisha kutendeka. Anayelitafsiri jibu hilo kwa Kiswahili hana pa kujificha, kwa kuwa kitenzi chetu hudai njeo: imewekwa, au itawekwa? Sehemu hii inashikilia kwamba swali hilo linaihusu zana yenyewe kabla ya kumhusu mtafsiri.

Kwa kanuni za IPMI 2.0, zilizotolewa mwaka 2004, agizo hilo kwa kawaida huhusu uwashaji mmoja tu, na hubatilika iwapo amri ya kuwasha upya haikufika ndani ya sekunde 60. Fundi aliyeelewa kuwa "imewekwa", akanywa chai kwanza ndipo akaiwasha upya seva, huenda akaikuta imewaka kutoka kwenye diski yake kama jana. Zana haikusema uongo. Ilichokiri ni kwamba kidhibiti kilichomo kwenye ubao wa seva kimepokea agizo. Kutekelezwa kwake ni jambo jingine, na jibu halikulitaja.

RACADM ya Dell ina uungwana zaidi. Amri ya "racadm set BIOS.ProcSettings.LogicalProc Disabled", inayokizuia kiini cha kichakataji kuendesha nyuzi mbili za kazi kwa pamoja, hujibiwa kwamba badiliko linasubiri, na kwamba sharti iundwe kazi ya usanidi kisha seva iwashwe upya. Ukiuliza tena kwa "get", huonyeshwa thamani ya sasa pamoja na ile inayosubiri. Hata hivyo, ujumbe huo unatanguliza tangazo la kufaulu, na skripti inayopita kwenye mamia ya seva aghalabu hutafuta tangazo hilo tu. Sharti linalofuata halisomwi na yeyote.

Madhara yake si ya kisarufi. Udhaifu wa vichakataji vya Intel uitwao L1TF ulipotangazwa mwaka 2018, baadhi ya waendeshaji wa mashine pepe walishauriwa kuzima uwezo huohuo wa nyuzi mbili. Taarifa inayoandika "umezimwa" mahali pa "utazimwa" inawahakikishia wenye data kinga ambayo bado haipo.

Redfish ya DMTF, ya mwaka 2015, imelitatua tatizo kwa njia ninayoiona kuwa bora: hali ya sasa hukaa kwenye anwani ya Bios, na hali ijayo kwenye Bios/Settings. Njeo imeondolewa kwenye kitenzi ikapewa makazi yake. Yaweza kupingwa kwamba fundi mzoefu huyajua haya yote bila kuambiwa. Ni kweli, ila skripti zake hurithiwa na wasiomjua, nao huwa na maneno ya zana pekee.

Kwa msingi huo, tafsiri inayopendekezwa kwa jibu la RACADM ni: "Agizo limepokelewa, litatumika kazi ya usanidi ikishaundwa na seva kuwashwa upya." Kwa ipmitool tafsiri pekee haitoshi, kwa sababu muda wa sekunde 60 haumo katika sentensi ya asili, waandishi wa zana ndio wanaopaswa kuuongeza.