Maji Yale Yale, Macho Mbalimbali: Mitazamo ya Wahusika katika "Kinjeketile"

Tunaposahihisha insha za wanafunzi kuhusu tamthilia, mara nyingi sisi walimu hukutana na sentensi inayoanza kwa maneno "mwandishi anasema kwamba". Tukilifuatilia lile linalodaiwa kusemwa, twaona kuwa si kauli ya mwandishi hata kidogo. Ni kauli ya mhusika mmoja, aliyomwambia mhusika mwingine, katika saa fulani ya hofu, hasira au matumaini. Tofauti hii si ndogo, na mchezo wa "Kinjeketile" wa Ebrahim Hussein, uliotolewa mwaka 1969, waidhihirisha vizuri kuliko michezo mingi tunayoifundisha.

Mchezo huu umejengwa juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo watu wa kusini ya Tanganyika walipigana na utawala wa Kijerumani. Hata hivyo, mwandishi mwenyewe alitahadharisha kuwa Kinjeketile wake ni mtu wa kisanaa, si yule wa historia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika mchezo, yuko hai baada ya watu wake kushindwa. Badiliko hilo si la bure: limempa mhusika nafasi ya kuyatazama matokeo ya neno lake na kulitolea hesabu.

Kiini cha mchezo ni maji. Lakini maji hayo ni kitu gani? Jawabu lategemea ni nani anayeulizwa.

Mchezo wafunguliwa na wanawake wawili, Bibi Kinjeketile na Bibi Kitunda. Hawa wanauona ukoloni kutoka jikoni: chakula hakitoshi, waume wanamaliza nguvu zao katika shamba la pamba la mzungu, na minong'ono ya wanaume imefichwa wasiisikie. Wanafunzi wengi huupita mlango huu haraka ili wafike kwenye vita. Wakifanya hivyo hupoteza kipimo cha kwanza, kwani kabla hatujaambiwa lolote juu ya mizimu na unabii, tumekwisha kuonyeshwa kwa nini watu walihitaji kuamini.

Kisha wapo viongozi kama Mngindo na Mkichi. Tuyatazame majina yao. Wanaitwa kwa makabila yao, na kwa hiyo kila mmoja anapofumbua kinywa, ni kama kundi zima linasema. Mwanzoni mtazamo wao ni wa kutiliana shaka. Maji yanapokuja, wanapata "sisi" mpya, pana kuliko ile ya ukoo. Kwao maji ni ngao dhidi ya risasi, na pia ni ruhusa ya kuanza vita mara moja. Kila ombi la kungoja huwa kwao dalili ya woga.

Kitunda si mtu wa namna hiyo. Ameonja dhuluma nyumbani mwake mwenyewe, lakini akipewa kazi ya kuwaongoza wapiganaji, huyapima mambo kwa jicho la amiri: watu, silaha, mazoezi, wakati. Kinjeketile naye ana mtazamo uliogawanyika ndani ya nafsi moja. Akiwa amepagawa na Hongo anatoa ahadi. Akili zikimrudia, anaambiwa aliyoyasema, na anashtuka kusikia kuwa amewatabiria watu wake kuwa chini ya Seyyid Said. Je, ni uhuru kubadilisha mtawala kwa mtawala? Tangu hapo nabii ndiye mwenye shaka, na wafuasi ndio wenye yakini. Neno limemtoka, wala halimtii tena.

Basi twafika mwisho, ambapo mitazamo miwili inagongana bila ya mmoja kuumeza mwingine. Mjerumani anataka Kinjeketile atamke hadharani kuwa maji yalikuwa uongo, naye Kitunda anamsihi akubali. Walimu wengine humfanya Kitunda hapa kuwa mtu aliyevunjika moyo, au hata msaliti. Sisi hatukubaliani nao. Kitunda ameziona maiti. Anadai ukweli kwa ajili ya watu walioulipia kwa roho zao, na dai hilo lina haki yake. Lakini Kinjeketile anauliza jambo jingine: ukweli huo utatumiwa na nani kesho? Neno lile lile likitamkwa mbele ya adui litageuzwa kuwa ushahidi kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa, na watoto watafundishwa hivyo. Anachokilinda Kinjeketile si nguvu ya maji. Ni haki ya vizazi vijavyo kukumbuka kwamba watu wao waliwahi kukataa.

Twamwelewa Kinjeketile, na twaamini mchezo unamwelekea yeye. Lakini haujamnyamazisha Kitunda, wala mwalimu asimnyamazishe.

Kwa ajili ya darasa twapendekeza maswali matatu yaulizwe kabla ya kuandika lolote juu ya dhamira: Ni nani anayesema? Anamwambia nani? Wakati huo anajua nini, na ni nini bado hakijui? Mwanafunzi ajaze majibu kwa Bibi Kitunda, Mngindo, Kitunda na Kinjeketile, kila mmoja akiulizwa habari ya maji. Baada ya hapo ndipo aruhusiwe kuandika "mwandishi anasema", na atakuta kwamba asemalo mwandishi limo katika mpangilio wa sauti zote, wala si katika sauti moja.

Wanafunzi wa nchi zetu hizi jirani, ambao wengi hawakusimuliwa Maji Maji na babu zao, wana hasara moja na faida moja. Hasara ni kwamba historia ni sharti wafundishwe. Faida ni kwamba hawaji darasani na hukumu mkononi. Tusiwape hukumu hiyo mapema. Tuwaache kwanza wamsikilize Kitunda hadi mwisho, ndipo wamjibu.