Usukani Unaotetemeka: Jinsi Kasoro Moja Ilivyosakwa Kutoka Lorugum Hadi Lodwar

Zamani, huko Turkana nchini Kenya, dereva aliyetoka Lodwar kwenda Kakuma hakupata nafasi ya kulalamika kwamba usukani unatetemeka kwenye kilomita 95 kwa saa. Kasi hiyo hakuwahi kuifikia. Barabara ya kutoka Kitale, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, ilikuwa imechakaa kiasi kwamba magari mengi yaliona heri kupita kando yake, mchangani. Ndipo ukaja mradi wa kuanzia Lokichar kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, kwa fedha za Benki ya Dunia, na lami ikanyooka. Gari lililozoea kutikiswa na mashimo likaanza kutikisika lenyewe.

Lami haikuleta ugonjwa mpya. Kasoro ilikuwemo garini siku zote, ila mashimo yaliificha. Ulaya na Marekani walikutana na tatizo linalofanana na hili miaka ya 1920, tairi nene zenye upepo mdogo zilipoingia sokoni na breki zikaanza kufungwa kwenye magurudumu ya mbele. Mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet alichapisha uchambuzi wake juu ya kutikisika kwa usukani mwaka 1925. Kwa hiyo hili si fumbo. Karne nzima sasa linajulikana jinsi linavyosomwa, na bado kila wiki kuna mtu anayeuziwa kipuri asichokihitaji.

Gari ninalolichambua ni Toyota Wish ya mwalimu mmoja wa Lorugum. Siku za kazi hupita njia za vijijini za Loima, changarawe na mchanga wa laga (mito mikavu ya msimu), na mwisho wa juma hufika Lodwar, mara nyingine hadi Kakuma. Usukani ulianza kutetemeka kwenye kilomita 85 hivi, ukazidi kati ya 95 na 100, na alipokaribia 110 ukatulia kidogo. Gereji ya kwanza aliyoiendea haikumuuliza lolote. Ilimfunga shokabsoba mbili mpya za mbele na tairodi endi, ikachukua pesa zake, na njiani kuelekea Kakuma usukani ukatetemeka vilevile.

Fundi wa pili, pale Lodwar, hakushika spana. Alianza na maswali.

"Mwalimu, ukikanyaga breki, inazidi?"

"Hapana."

"Unaisikia mikononi ama kwenye kiti?"

"Mikononi."

"Na ukitia nyutro kwenye mwendo huohuo?"

Hilo mwalimu hakuwa amelijaribu. Wakatoka pamoja hadi kwenye lami, wakafika kilomita 100, gia ikatiwa nyutro huku injini ikiendelea kunguruma. (Ufunguo haugeuzwi hata kidogo katika jaribio hili. Injini ikizimwa, msaada wa usukani na wa breki hupotea, na usukani unaweza kujifunga.) Mtetemo haukubadilika.

Maswali matatu na jaribio moja yalikuwa yameshaondoa nusu ya washukiwa. Kutetemeka kunakokuja wakati wa breki pekee hutoka kwenye diski za mbele. Watu husema diski imepinda, ingawa mara nyingi tatizo ni unene wake usiolingana, na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita inatosha kuisukuma padi na kuutikisa usukani. Hapa breki hazikuhusika. Kutetemeka kunakozidi ukikanyaga mafuta na kupungua ukiyaachia huelekeza kwenye kiungo cha ndani cha shafti ya mbele, na nyutro ingekituliza. Nyutro haikusaidia, basi si shafti wala si injini. Na kwa kuwa mtetemo ulikuwa mikononi, macho yalielekea magurudumu ya mbele. Gurudumu la nyuma likiwa na kasoro, kwa kawaida dereva huisikia kwenye kiti na sakafu.

Kilichobaki ni kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu, kwa kasi ya gurudumu. Hesabu yake ni nyepesi na kila fundi anapaswa kuijua. Tairi ya 195/65R15, inayofungwa kwenye Wish nyingi, ina mzingo wa karibu mita 2. Kwenye kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, maana yake gurudumu huzunguka mara 14 kwa sekunde. Tuseme upande mmoja wa rimu una gramu 30 za ziada, uzito wa vijiko viwili vikubwa vya maji. Kwa mwendo huo gramu hizo hulivuta gurudumu nje kwa nguvu inayolingana na kilo 4 na zaidi, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kila sekunde. Kwenye kilomita 50 nguvu hiyo ni kilo 1 tu, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara nne. Ndiyo maana mjini gari lilikuwa tulivu kabisa.

Lakini kama nguvu huongezeka na kasi, mbona kwenye 110 mtetemo ulipungua? Swali hili huwababaisha wengi, na jibu lake ndilo ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Mfumo wa usukani pamoja na springi, bushi na tairi una mdundo wake wa asili, na kwa magari mengi madogo mdundo huo huwa kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Gurudumu likizunguka kwa mdundo huohuo, kila msukumo humkuta mwenzake njiani, kama mtu anayesukuma bembea kila inaporudi kwake. Likizidi hapo, misukumo huanza kupishana na mdundo, na mikono husikia nafuu ingawa nguvu yenyewe imekua. Kwa hiyo mtetemo unaokuja kwenye kasi fulani, ukazidi, kisha ukafifia, karibu kila mara ni gurudumu: uzito usiolingana au umbo lisilo la duara kamili. Shokabsoba iliyochoka huweza kuukuza mtetemo huo. Haiuzalishi.

Sasa ndipo gari likainuliwa. Kitu cha kwanza kilichoonekana ndani ya rimu za mbele ni tope la laga, limekauka na kushikamana upande wa ndani, mahali ambapo anayeosha gari hafiki. Kwa gari la Lorugum hili ni la kutarajiwa. Unavuka laga baada ya mvua ya milimani, tope linaingia, jua la Turkana linalifanya gumu kama tofali kabla hujafika mjini, na halikauki kwa usawa kuizunguka rimu. Fundi alilikwangua kwa bisibisi na maji. Waliporudi barabarani mtetemo ulikuwa umepungua lakini haukuisha. Wengi hapo wangelipana na kuagana.

Baada ya tope, washukiwa waliofuata ni tairi zenyewe: kwa sababu ya mti wa mathenge, matairi ya Turkana yana historia ndefu. Mwiba wa mti huu hutoboa tairi iliyo nzima kabisa, na baada ya miaka miwili tairi moja inaweza kuwa na viraka kadhaa ndani, tyubu iliyotiwa kwenye tairi isiyohitaji tyubu, au dawa ya maji ya kuziba pancha ambayo hujikusanya chini gari likilala. Kila moja ya hizo huvuruga uzito. Fundi wa pancha anayeng'oa tairi na kuirudisha bila kuweka alama mahali ilipokuwa huvuruga pia, kwani vipande vya risasi kwenye rimu viliwekwa kwa ajili ya tairi ilivyokaa mwanzo. Wenye viraka wasilaumiwe, maana bila wao hakuna anayefika popote huku. Ila kila baada ya kiraka kikubwa, balansi ifanywe upya.

Fundi wetu alifanya jambo ambalo nalipenda kuliko mashine yoyote. Alihamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, bila kugusa kitu kingine. Mwalimu akaliendesha, na mikono ikatulia. Kiti ndicho kilichoanza kutetemeka. Hapo kesi ilikwisha kwa upande wa usukani, tairodi, boljointi na beringi za mbele. Kasoro ilikuwa imesafiri pamoja na gurudumu. Jaribio hili linahitaji jeki na spana ya magurudumu tu, linawezekana chini ya mti pale Lorugum, na lau gereji ya kwanza ingelifanya, shokabsoba mbili zingebaki dukani.

Ili kujua ni gurudumu lipi kati ya yale mawili, walitumia ekseli ya nyuma. Wish hii huvutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ya nyuma huzunguka huru handibreki ikiachiliwa na breki zisiposhika. Ukilizungusha gurudumu polepole na kuliacha, upande mzito hushuka chini. Ukirudia na likasimama mahali palepale, umeupata. Njia hii haioni kila kitu, kwa sababu haitofautishi upande wa ndani na wa nje wa rimu, na mashine pekee ndiyo inayopima yote mawili. Lakini inatosha kutenga mbaya na mzuri. Gurudumu moja lilisimama popote. La pili lilirudi palepale kila mara.

Lile la pili lilipelekwa kwenye mashine ya balansi, likafungwa risasi, mashine ikaonyesha sifuri. Likarudishwa mbele kwa majaribio, na usukani bado ukatetemeka, kidogo.

Mashine haikudanganya. Ilipima uzito, na uzito ulikuwa sawa. Umbo ndilo halikuwa sawa. Fundi aliegemeza kipande cha waya juu ya tofali, ncha yake karibu kabisa na ukingo wa ndani wa rimu, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Mahali pamoja ukingo ulisogea na kuigusa ncha, kisha ukaiacha zaidi ya milimita 2. Jiwe la njiani lilikuwa limeipiga rimu kwa ndani, upande usioonekana gari likiwa limesimama. Kwa gari dogo, gurudumu likitoka kwenye duara kwa zaidi ya milimita 1 na nusu hivi, balansi haitalituliza. Rimu hii ilikuwa ya chuma, ikanyooshwa. Ya aloi nisingeshauri ipigwe nyundo, kwani inaweza kupata ufa mwembamba ambao utafunguka siku nyingine kwenye mwendo.

Wenye Land Cruiser, na Kakuma zimejaa tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, wana ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Zile za kazi zenye ekseli nzima mbele zinaweza kupiga tuta au ukingo wa daraja kwenye kilomita 70, na usukani ukaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu hadi gari lipunguzwe sana mwendo. Huo si mtetemo wa balansi, ingawa gurudumu lisilo na balansi huweza kuuanzisha. Hutokana na ulegevu: beringi za kingpini, tairodi, bushi za ekseli ya mbele. Kufunga shokabsoba mpya ya usukani peke yake huuficha kwa muda, na kwa maoni yangu huko ni kuhatarisha abiria.

Na kuna mitetemo ambayo hupaswi kusafiri nayo hata hadi kituo kinachofuata. Kama usukani unayumba polepole kwenye kilomita 30 au 40, simama upapase tairi zote. Uvimbe ubavuni au kwenye kashata maana yake nyuzi za ndani zimeachana, na katika nchi ambayo joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 na kupita, na lami ikiwa na joto zaidi, tairi hiyo itapasuka. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa zee kuliko gari lako. Na kama mtetemo umeanza ghafla baada ya kubadilisha gurudumu, anza na nati.

Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka duara, baada ya kufuta kutu na mchanga kati ya rimu na kitako chake, maana punje za mchanga hapo hulifanya gurudumu likae upande. Kwa Toyota ndogo nguvu yake ni kama Nm 100, na spana ndefu iliyosimamiwa kwa mguu hupita hapo kwa mbali, ikainyonga hata diski ya breki. Kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayetoka Lorugum na gurudumu lililofunguliwa jana, asimame Lodwar azipime nati zote kabla hajaingia lami ya Kakuma.