Risasi ya Macomber, Miguu ya Kongoni

Hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu Francis Macomber, iliyotoka mwaka wa 1936, husomwa kama hadithi ya woga. Mmarekani tajiri anakuja Afrika Mashariki kuwinda, anamjeruhi simba, halafu simba akimjia, anatoka mbio. Mkewe anaona. Robert Wilson, mwindaji aliyekodiwa kuwaongoza, anaona. Chuoni, kabla sijaacha, tulijadili uanaume kipindi kizima, na hakuna aliyeuliza swali ambalo mwindaji angeanza nalo: kwani bunduki ilikuwa na risasi gani?

Jibu limo humo humo. Springfield .30-06, risasi ya greni 220, kama gramu 14 hivi, iliyovishwa chuma. Risasi ngumu ya aina hii haipanuki. Kazi yake ni kupenya ngozi nene, mfupa mzito, fuvu la ndovu. W.D.M. Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, Karamoja na kwingineko, wengi kwa bunduki ndogo ya .275. Aliweza kwa sababu risasi zake zilikuwa ngumu na alijua ubongo wa ndovu umekaa wapi hasa.

Lakini simba si ndovu. Ngozi yake ni nyembamba. Kwake, wawindaji wengi huchagua risasi ya ncha laini, inayofunguka ikigonga nyama na kuacha nguvu yake ndani. Ile ngumu, ikikosa mfupa, hutoboa tu ikapita zake. Mnyama anabaki hai, na maumivu, na hasira.

Macomber anafungua bunduki, anaona risasi zimevishwa chuma, anaifunga. Basi. Hemingway hafafanui. Wilson ameshamwambia apige bega, avunje mfupa, na kwa risasi hiyo ni ushauri mzuri. Macomber anapiga ubavu, risasi inachana tumbo, simba anapotelea kwenye nyasi ndefu.

Hapo suala la risasi linageuka kuwa suala la watu. Mnyama aliyejeruhiwa hawezi kuachwa. Lazima afuatwe kwa miguu. Macomber anauliza, na wabeba bunduki je? Wilson anajibu kwamba hilo ni shauri lao, walitia saini. Ndiyo, “shauri”, neno letu lenyewe, katikati ya Kiingereza chake. Anayetangulia, macho chini akisoma damu, ni mzee Kongoni. Hakuchagua risasi wala hakufyatua, lakini miguu iliyo mbele ni yake.

Na hapa ndipo nina ugomvi na Hemingway. Anatuingiza ndani ya simba: tunaisikia risasi ikimchoma, tunasubiri naye nyasini. Kongoni hapewi hata aya moja ya namna hiyo. Tunaona uso wake, hatuingii kichwani. Bunduki zote zina namba zake, kuanzia .505 Gibbs ya Wilson hadi Mannlicher 6.5 inayommaliza Macomber, ila huyu mzee ana jina moja tu, tena la mnyama wa porini. Mwandishi aliyejua uzito wa risasi kwa greni angeweza kujua zaidi kumhusu.

Bado naiheshimu hadithi, kwa sababu ushahidi wa kuishtaki imeuweka yenyewe mezani. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka wa 1977, lakini Tanzania bado unaendelea kwa leseni, na wawindaji bado wanabishana: ncha laini au ngumu? Wengine hujijazia risasi wenyewe nyumbani, wakipima baruti kwa mizani ndogo, punje kwa punje. Ukiwaona utadhani ni ushamba wa watu wenye pesa na muda. Mimi hilo silicheki. Mezani pale, huku hakuna simba wala haraka, ndipo inapoamuliwa kama kuna mtu atalazimika kuingia nyasini kesho yake. Ningependa siku moja kuisoma hadithi hii ikisimuliwa na huyo mtu.