Jua la Utosi Limepata Kiboko Yake: Fujifilm X100VI Mkononi

Imefika! Fujifilm X100VI ya rangi ya fedha iko mkononi mwangu, na tangu niitoe kwenye boksi sijaiweka chini ila kwa kuchaji betri. Wapiga picha wenzangu wa pwani, kaeni mkao wa kula. Nimeinunua kwa sababu moja tu, nayo ni jua la saa sita mchana, na kwa niliyoyaona mpaka sasa, hela yangu haikupotea.

Ugomvi wetu na jua hilo tunaujua sote. Mji Mkongwe, Zanzibar, jua limesimama utosini. Ukuta umepakwa chokaa, kanzu nyeupe pe, na chini ya kofia kuna uso mweusi uliomezwa na kivuli. Ukipimia uso, kanzu inaungua yote, haibaki hata mkunjo mmoja. Ukipimia kanzu, macho ya mtu yanazama gizani. Tunaambiwa tusubiri alasiri, mwanga ulainike. Lakini samaki wa soko la Malindi, hapo hapo mjini, hawasubiri alasiri, na watu wanaotoka kuswali Ijumaa hawatasimama uani mpaka jua lishuke kwa ajili ya picha zako.

Dawa ni flashi ndogo ya kuuinua uso, na hapo ndipo kamera nyingi hukwama. Kamera nyingi za lenzi za kubadilisha zina shata ya mapazia mawili yanayopita mbele ya sensa. Kasi ikivuka kama 1/250 ya sekunde, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, kwa hiyo sensa huona ufa tu unaotembea. Flashi ikiwaka wakati huo, sehemu ya picha inapata mwanga na sehemu inabaki nyeusi. Zipo flashi kubwa zinazomweka mfululizo ili kulikwepa tatizo hilo, lakini zinakula nguvu nyingi, tena unakuwa umebeba mzigo mwingine begani.

X100VI imeizika shata yake ndani ya lenzi. Ni visahani vyembamba vinavyofunguka pamoja kutokea katikati, kwa hiyo sensa nzima hupata mwanga wa flashi hata ukiwa kwenye 1/2000 ya sekunde. Na flashi yenyewe imo mwilini mwa kamera, kidude kidogo kando ya lenzi. Hununui flashi ya ziada!

Basi nikaipeleka juani. Karibu na Darajani alikuwa amekaa mzee barazani, kanzu imenyooshwa kwa pasi, kofia ya viua kichwani.

“Shikamoo, mzee wangu. Naomba nikupige picha.”

“Marahaba, mwanangu. Piga, lakini nami nione.”

Nikaweka ISO 125, f/4, 1/2000, flashi nikaipunguza nguvu kidogo, nikasimama umbali wa kama mita moja na nusu. Kikasikika kimlio chembamba ambacho hata paka aliyelala pale chini hakukijali. Tazameni sasa kilichotoka! Mikunjo ya kanzu ipo yote. Ukuta una rangi ya chokaa, haukuwa karatasi tupu. Uso una ngozi yenye kina, na ndani ya kila jicho kuna nukta ndogo ya mwanga. Nikaikuza picha kwenye skrini: vitobo vya kofia vinahesabika kimoja kimoja, na uzi uliozungushwa kwenye kila kitobo unaonekana. Mzee akaishika kamera, akaitazama picha kwa utulivu, kisha akaniambia nikamsafishie moja kubwa.

Na atapata kubwa kweli, kwa sababu sensa ina megapikseli 40.2. X100 ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2011, ilikuwa na 12 na ushee. Lenzi haibadilishwi: ni ya milimita 23 yenye f/2, na upana wake wa kuona ni sawa na wa lenzi ya milimita 35 kwenye kamera za fulufremu. Wako watakaokunja uso hapo. Mimi nafurahi, kwa sababu 35 ndiyo upana wa uchochoro wetu. Inamchukua mtu, mlango wake wa nakshi na baraza yake, bila kumrefusha pua. Ukitaka kusogea, kamera inaikata picha yenyewe ikakupa upana wa 50 au 70, na kwa megapikseli hizo bado unabakiwa na picha ya kutundika ukutani.

Kitundu cha kuchungulia nacho ni raha tupu. Ukisukuma kiwashio kilicho mbele ya kamera, unachagua kuona kwa kioo halisi au kwa skrini ndogo ya ndani. Kwenye kioo unaona fremu imechorwa kwa mistari, na nje ya mistari hiyo unaona pia kinachokuja. Mtoto anakimbia na tairi lake kutoka kulia, unamwona kabla hajaingia kwenye picha, unamngojea, unabonyeza. Mwendo wa mtaa unaujua mapema, na hilo ndilo linalotofautisha picha ya mtaani na bahati nasibu.

Usiku nikashuka bustani ya Forodhani, kwa wauza mishikaki. Hapa ndipo X100VI inapowaacha ndugu zake wote waliotangulia, kwa kuwa ndiyo ya kwanza katika ukoo wa X100 yenye kituliza mtikiso cha sensa, hadi stopu 6 kwa hesabu ya Fujifilm. Nilishusha shata mpaka robo ya sekunde nikiwa nimeishika mkononi, bila miguu mitatu wala ukuta wa kuegemea. Meza, taa na mishikaki vikasimama wima, huku mikono ya mpishi ikipita kama moshi. Na ule moshi wenyewe wa mkaa una tabaka! Ningepandisha ISO ningeletewa chenga, na ule mkono unaotembea ungeganda.

Rangi sasa. Fujifilm ilianza mwaka 1934 ikitengeneza filamu, na ujuzi huo umeingizwa humu kwa mapishi 20 ya picha, yaliyopewa majina kama Provia, Velvia na Acros. Mimi nimeng’ang’ania Reala Ace. Haiifanyi ngozi yetu kuwa nyekundu wala haiigeuzi majivu. Kahawia inabaki kahawia, bahari inabaki na ile rangi yake ya kati ya kijani na buluu. Picha inatoka tayari, naihamishia kwenye simu, na mteja anaipata WhatsApp kabla hajafika nyumbani. Kwa kazi ya mji huu uliolea Capital Art Studio tangu mpiga picha Ranchhod Oza alipoifungua mwaka 1930, kurudisha picha kwa mwenyewe upesi ni heshima.

Yapo ya kuzingatia kabla hujatoa pesa. Mwili wa kamera hauzuii vumbi na manyunyu mpaka uvishe pete ya AR-X100 na kioo cha kinga cha milimita 49 mbele ya lenzi. Kwa upepo wetu wa chumvi, vinunue siku hiyo hiyo. Nafasi ya memori kadi ni moja tu, kwa hiyo si kamera ya kwenda nayo peke yake kwenye harusi ya mtu. Betri inatoa picha kama 450 kwa kutumia kioo, na chini ya hapo kwa kutumia skrini ya ndani, hivyo tembea na ya akiba. Flashi yake haifiki mbali, ni ya mtu unayeweza kusalimiana naye kwa mkono. Mimi hizo ndizo picha zangu.

Wenzangu nao wamenunua vyao, na nimeupenda uchaguzi wa kila mmoja. Mmoja ni wa harusi, kachukua Nikon Z5II iliyotoka mwaka 2025, kwa sababu kumbi zake zina giza na anataka kadi mbili ziandike kwa pamoja ili picha za bibi harusi zisipotee. Mwingine hupeleka wageni Mikumi, kachukua lenzi ya Nikon Z ya 180-600, maana simba hasogei kwa kuitwa. Kijana anayeanza amebaki na kamera yake kuukuu ya Canon, akaongeza lenzi ya 50 yenye f/1.8, ya bei nafuu, na picha zake za ndani zimekuwa nyingine kabisa. Kila mmoja aliutazama mwanga unaomshinda, ndipo akaenda dukani.

X100VI ilitangazwa Februari 2024 kwa dola 1,599 za Marekani, na huku kwetu ongeza usafiri na ushuru. Ni pesa nyingi, nami nasema hivi bila kusita: kama kazi yako ni watu, mitaa na mchana wa pwani, hakuna kamera nyingine ya kuingia kwenye mfuko wa koti ambayo ningeinunua badala yake. Kama kazi yako ni kumbi au mbuga, iache, fuata walivyofanya wenzangu. Ukiipata ya kujaribu, usiipige dukani. Toka nayo nje saa sita, tafuta mtu mwenye kanzu nyeupe, muombe ruhusa, washa flashi.