Ukungu Nyuma ya Mche

Picha ya Delta ya Rufiji inayojirudia kwenye ripoti na kalenda ni ya mama aliyeshika mche wa mkoko. Uso wake unaonekana vizuri hadi kope. Nyuma yake kila kitu kimegeuka ukungu wa kijani.

Ukungu huo umekusudiwa. Mpiga picha amefungua tundu la lenzi, tuseme f/1.8, akalenga uso. Vilivyo mbali vikayeyuka. Simu za siku hizi hufanya hivyo kwa programu, nasi tunaisifu picha kuwa ya kitaalamu. Mimi nauliza: mche huo unapandwa wapi?

Mbwera, wilayani Kibiti, swali hilo ni zito. Mikoko ya delta ni msitu wa hifadhi tangu enzi za Wajerumani, na ndani ya delta hiyohiyo watu wamelima mpunga miaka mingi. Nyuma ya mama yule huenda pana eneo lililokatwa miti likaachwa wazi, au pana shamba la jirani yake. La kwanza ni habari ya kuponya msitu. La pili ni mgogoro wa ardhi. Ukungu unazifanya habari hizo mbili zifanane.

Sidai kila picha ionyeshe kila kitu. Mwaka 1997 Mjapani Hiroshi Sugimoto alianza kupiga picha za majengo mashuhuri kwa kusogeza lenzi kupita hata kipimo cha mbali kabisa, mpaka Mnara wa Eiffel ukawa kama kivuli. Lakini yeye hakuchagua kipi kifichwe: ukungu ulifunika picha nzima, na umbo lililobaki ndilo tulilotakiwa kulitazama.

Hata Kibiti upo ukungu ninaoutetea. Baada ya mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji ya 2017, anayesimulia aliyoyaona anastahili kufichwa sura. Hapo lenzi ilengwe kwenye mto ulio nyuma yake, yeye abaki kivuli. Ukungu wa namna hiyo unamlinda mtu. Ule wa kwenye kalenda unamlinda nani?

Kwa picha ya mche, ombi langu ni dogo: funga tundu hadi f/11, urudi nyuma hatua chache. Mama bado ataonekana. Nasi tutajua kama amesimama kwenye tope tupu la mikoko au ndani ya jaruba la mpunga la mtu.