Matone Juu ya Udongo Mtupu: Kosa la Bustani za Eldas

Katika bustani za mboga zinazofunguliwa na vikundi karibu na visima virefu vya Eldas, katika Kaunti ya Wajir, umwagiliaji haushindwi kwenye tangi wala kwenye bomba. Hushindwa kabla maji hayajafunguliwa, pale inapoamuliwa kwamba eneo lote likatuliwe kwa trekta, vichaka na mabua yachomwe, kisha mipira ya matone ilazwe juu ya udongo mtupu. Uamuzi huo ni kosa, wala haliwezi kuitwa kosa la bahati mbaya, kwa kuwa hurudiwa karibu kila bustani mpya inapozinduliwa, na trekta ndiyo hupigwa picha kana kwamba kugeuza ardhi ni maendeleo yenyewe.

Mengine hufanywa sawasawa: ua wa miiba huzuia mbuzi, tangi huinuliwa vya kutosha, na kunde, bamia na mchicha ni mazao yanayolistahimili joto la huko.

Uzito wa kosa huonekana katika hesabu ndogo. Wajir hupata kwa wastani chini ya milimita 300 za mvua kwa mwaka, ilhali jua na upepo wake vina uwezo wa kuvukiza zaidi ya milimita 2,000. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Kwa hiyo tuta la mita 10 za mraba, likiwa limelowa lote na halina kifuniko, likipoteza milimita 5 kwa siku, limetoa hewani lita 50, yaani mitungi miwili na nusu ya lita 20, bila jani hata moja la sukuma wiki kufaidika. Mpira wa matone hupunguza hasara hiyo kwa kulowesha sehemu ndogo tu, lakini hauizuii, kwa kuwa sehemu hiyo ndogo hulowa na kukauka kila siku chini ya jua lilelile.

Matandazo, yaani mabua, majani makavu au nyasi zinazotandazwa juu ya udongo kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, hufanya kazi tatu kwa pamoja: hukinga udongo na jua, hutuliza hewa iliyo juu yake, na hukata njia ya maji yanayopanda kupitia vinyweleo vya udongo kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Mpira ukipita chini ya tabaka hilo, sehemu kubwa ya maji hutoka kupitia mmea wenyewe, na hiyo ndiyo njia pekee ambayo kwayo mkulima hupata faida. Kuchoma mabua asubuhi na kulaza mpira jioni ni kununua debe na kulitoboa siku hiyohiyo.

Kuna hasara ya pili, ambayo huzungumzwa kwa nadra: chumvi. Maji ya visima vingi vya Wajir yana ladha ya magadi au chumvi, na maji yanapovukizwa chumvi hubaki. Kisima chenye gramu 1 tu ya chumvi katika kila lita kingeacha gramu 50 juu ya tuta lililotajwa, kwa siku moja. Kwa utando mweupe unaoonekana baada ya miezi michache hulaumiwa kisima, ingawa aliyeuita juu ni yule aliyeuacha udongo uchi.

Trekta nayo haina utetezi. Kukatua, yaani kuivunja na kuigeuza ardhi, hubomoa mifereji iliyochimbwa na mizizi na wadudu, huharakisha kuoza kwa mboji kidogo iliyopo, na huacha vumbi laini ambalo hugandamana na kuwa gamba mara linapopigwa na mvua ya kwanza ya gu, msimu wa Aprili na Mei. Gamba hilo huyafukuza maji badala ya kuyapokea. Kilichohitajika ni kufungua mashimo ya kupandia tu, na kuiacha ardhi iliyobaki ilivyo.

Watetezi wa udongo mtupu hujibu kwamba mchwa watayala matandazo. Jibu lilikwisha kutolewa Burkina Faso, ambako Yacouba Sawadogo, aliyefariki mwaka 2023, aliiboresha zai, yaani mashimo madogo yanayochimbwa wakati wa kiangazi na kutiwa samadi. Mchwa walioifuata samadi walitoboa ardhi ngumu, na maji ya mvua yakapita katika matundu yao. Sawadogo alimfanya mchwa kuwa kibarua, ilhali watetezi hao humwona adui. Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania, nao huchimba mashimo yao ya ngoro, lakini kwanza huzilaza nyasi zilizofyekwa kwa miraba na kuzifukia badala ya kuzichoma. Hakuna kati yao aliyehitaji trekta, na ngoro hupunguza mmomonyoko katika miteremko ya Wamatengo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba katika nchi ya wafugaji nyasi ni chakula cha mifugo. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuchoma mabua kuwa ufujaji maradufu. Majani ya mti wa mathenge yanaweza kuziba pengo la nyasi, mradi maganda yake yatengwe, kwa sababu mbegu zake huota hata baada ya kupita tumboni mwa mbuzi; samadi yenye mbegu hizo yafaa iozeshwe vizuri kwanza.

Ugonjwa huu wa kuhesabu mitambo na kuusahau udongo ni wa zamani. Mradi wa Bura, kando ya mto Tana, uliogharimiwa kwa sehemu na Benki ya Dunia, ulipangiwa zaidi ya hekta 6,000, zikapatikana takriban 2,500, na maji yakategemea pampu za dizeli zilizowalemea waendeshaji. Funzo la Bura lilikuwa kwamba lita inayopandishwa kwa gharama haipaswi kupotezwa kwa uzembe. Eldas, iliyopitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, haikuhitaji kufundishwa upya.

Sahihisho halihitaji bajeti mpya. Kabla ya gu ijayo trekta ibaki barabarani, mabua ya msimu uliopita yaachwe yalipoangukia, mipira ipitishwe chini yake, na maji yafunguliwe jioni pale tu kidole kinapokuta ukavu chini ya tandazo. Kidole hicho kitakuwa kipimo bora kuliko picha yoyote ya uzinduzi.