Nyota na Lango: Tathmini ya Manufaa ya Mwongozo wa Baedeker kwa Mgeni wa Oxford

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki namna kitabu cha mwongozo wa wasafiri kinavyouwasilisha mji wa chuo kikuu. Matini teule ni maelezo ya Oxford katika Great Britain, mwongozo ulioandaliwa na James Fullarton Muirhead na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1887 na kampuni ya Baedeker ya Leipzig. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: kitabu hiki kinamfaa nani, na kwa jambo gani?

Tathmini ya vitabu vya aina hii huishia mara nyingi katika usahihi wa taarifa. Mhakiki huuliza kama njia zimetajwa sawasawa, kama hoteli zipo na kama ramani inaaminika. Hoja ya sehemu hii ni kwamba usahihi ni wa lazima lakini hautoshi. Mji wa chuo kikuu ni mji wa malango, na manufaa ya mwongozo wake yapimwe pia kwa namna unavyomwezesha mgeni kuelewa kanuni zinazoyafungua na kuyafunga malango hayo.

Manufaa ya kuchagua

Ni haki kuanza na kile ambacho mwongozo huu unakifanya vizuri. Baedeker haogopi kuchagua. Majengo anayoyaona kuwa bora huyawekea alama ya nyota, na msomaji mwenye siku moja tu hujua mara moja aanzie wapi. Ujasiri huo unadhihirika zaidi katika ushauri wake maarufu kuhusu miji miwili ya vyuo vikuu vya kale vya Uingereza. Anaeleza kwamba kwa mgeni wa kawaida Oxford inavutia zaidi kuliko Cambridge. Kwa hiyo anamshauri msafiri atangulie Cambridge, au aiache kabisa ikiwa hawezi kuitembelea miji yote miwili.

Ushauri huo unaweza kuonekana kuwa dharau kwa Cambridge, lakini una busara ya safari ndani yake. Mwandishi anatambua kuwa macho ya mgeni hulinganisha, na kwamba kizuri kinachoonwa baada ya kizuri zaidi hupoteza sehemu ya thamani yake. Mwongozo unaosifu kila kitu kwa kipimo kimoja humwachia msomaji kazi yote ya kuamua. Kwa kigezo hiki, Baedeker anafaulu.

Mipaka ya nyota

Udhaifu umo katika dhana ya “mgeni wa kawaida”. Dhana hiyo inamchukulia msomaji kuwa mtazamaji, na mji kuwa mkusanyiko wa vitu vya kutazamwa. Kwa mji wa bandari au wa kasri, mtazamo huo unaweza kutosheleza. Oxford ni tofauti. Chuo kikuu chake hakimo ndani ya uzio mmoja. Kimeundwa na vyuo vishiriki vyenye uongozi, mali na malango yao wenyewe. Ruhusa ya kuingia katika kimoja si ruhusa ya kuingia katika kingine. Mwaka wa masomo una mihula mitatu yenye wiki nane za mafunzo kila mmoja, na shughuli za mji hubadilika kwa kufuata mihula hiyo. Nyota haisemi lolote kuhusu mambo haya.

Maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa mwaka 1602, ni mfano ulio wazi. Nyota humwambia mgeni kuwa jengo lastahili kuonwa. Msomi anahitaji kujua jambo jingine: vitabu vyake husomwa humohumo. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekuwa ameifanya Oxford makao yake wakati wa vita, aliomba kuazima kitabu akakataliwa. Msomaji mpya huahidi, pamoja na mengine, kutoingiza moto ndani ya maktaba. Anayezijua kanuni hizi ameuelewa mji kwa kiasi ambacho urefu wa mnara hauwezi kumpa.

Vivyo hivyo kwa wanawake. Mwaka 1879 Somerville na Lady Margaret Hall zilianza kupokea wanafunzi wa kike, lakini chuo kikuu hakikuwatunuku shahada hadi mwaka 1920. Kwa hiyo, wakati mwongozo huu unatoka, msomaji wa kike angeweza kusoma Oxford bila kuhitimu. Kipimo kinachohesabu majengo pekee hakiwezi kuidhihirisha tofauti hiyo.

Ipo hoja pinzani yenye uzito: si haki kukilaumu kitabu cha wasafiri kwa kutokuwa kitabu cha udahili. Hoja hiyo inakubalika kwa sehemu tu. Hata mtalii wa siku moja husimamishwa na bawabu, na hufika likizoni akakuta kumbi tupu. Kanuni za chuo zinamgusa yeye pia.

Hitimisho

Mjadala huu una uzito wa pekee kwa mtafiti wa Afrika Mashariki anayekwenda Oxford kutafuta nyaraka za utawala wa kikoloni. Kwa miongo mingi makusanyo ya Afrika yalikuwa Rhodes House. Tangu mwaka 2014 yamehamia Maktaba ya Weston. Mwongozo uliokuwa sahihi kabla ya hapo sasa ungempeleka kwenye mlango usiokuwa wake. Taarifa ya mahali huchakaa upesi, ilhali maelezo ya namna taasisi inavyompokea mgeni hudumu zaidi.

Kwa hiyo, inahitimishwa kuwa mwongozo wa Baedeker unamfaa sana anayetaka kuiona Oxford, na unamfaa kidogo anayetaka kuingia ndani yake. Wanaoandaa miongozo ya miji yetu ya vyuo vikuu wajifunze kwake ujasiri wa kuchagua, kisha waongeze kile ambacho nyota haikuweza kukisema: ni lango lipi hufunguliwa, lini, na kwa idhini ya nani.